Leukemia ya watoto: kromosomu zinasema nini, na nani azisome hapa kwetu?

Mtoto amelazwa kwa ubavu, dawa ya usingizi imeshamshika. Daktari anapapasa nyuma ya nyonga, anapata mahali penye mfupa, anasukuma sindano huku akiizungusha taratibu mpaka ipenye. Akivuta, unakuja uboho, mwekundu uliokolea na wenye vipunje vidogo vinavyoonekana ukitandazwa kwenye kioo.

Tone la kwanza linapakwa kwenye slaidi palepale. Linalofuata linaingia kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau. Kinachobaki, mililita mbili au tatu kama umepatikana wa kutosha, huwekwa kwenye chupa ya kifuniko cha kijani, yenye heparini ya kuuzuia usigande.

Chupa hiyo ya kijani ndiyo yenye kisa. Seli zilizomo lazima zifike maabara zikiwa hai, kwa sababu kromosomu haziwezi kuhesabiwa ila wakati seli inapojigawa. Zikipigwa na jua la Dar es Salaam nyuma ya pikipiki, au zikikaa siku kadhaa zikisubiri ndege ya kuzipeleka nje ya nchi, zinakufa. Jibu litarudi na mstari mmoja tu: seli hazikugawanyika, picha haikupatikana.

Hapo daktari anabaki na mgonjwa wa leukemia bila kujua leukemia hiyo ni ya namna gani. Na swali ambalo karibu kila mzazi huliuliza kabla hata ya kuuliza gharama, "Daktari, mwanangu atapona?", linapata jibu la nusu.

Ugonjwa unaojificha ndani ya homa

Leukemia kali ya limfoblasti, ambayo wodini huitwa kwa herufi tatu, ALL, ndiyo saratani inayowapata watoto wengi zaidi duniani. Huanzia kwenye uboho, mahali damu inapotengenezwa. Seli changa za chembe nyeupe huacha kukomaa, kazi yao ikawa ni kuzaana tu. Zinajaza uboho mpaka chembe nyekundu, chembe sahani na chembe nyeupe nzima zinakosa nafasi.

Anachokiona mama nyumbani ni mtoto aliyepauka, mwenye homa isiyoisha, michubuko ambayo hakuanguka kuipata, damu ya pua, na mifupa inayouma hadi anachechemea. Wengi wana umri wa miaka 2 hadi 5.

Kwa watu wa ukanda wetu, kila moja ya dalili hizo ina maelezo ya karibu zaidi. Homa ni malaria. Weupe wa viganja ni upungufu wa damu. Maumivu ya mifupa ni selimundu. Mtoto anapewa dawa ya mseto, anaongezewa damu, anapata nafuu ya wiki mbili, anarudi akiwa hoi. Wataalamu wengi wanaamini kwamba hii ni sababu mojawapo inayofanya takwimu za ALL barani Afrika zionekane ndogo: baadhi ya watoto hufariki kabla ugonjwa wao haujapewa jina.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Mwaka 2018 lilizindua mpango wa saratani za watoto wenye lengo la kuwawezesha angalau asilimia 60 ya watoto hao kuishi ifikapo 2030. ALL ni moja ya saratani sita zilizowekwa mbele katika mpango huo.

> Katika nchi tajiri zaidi ya watoto 8 kati ya 10 wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki 3.

Safari ya miaka ishirini hivi

Hadi mwaka 1955 vitabu vilifundisha kwamba binadamu ana kromosomu 48. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka huo, mjini Lund, Sweden, ndipo Joe Hin Tjio, mtafiti mzaliwa wa Indonesia, alipohesabu upya na kupata 46. Yeye na Albert Levan walichapisha matokeo hayo mwaka 1956.

Mbinu yenyewe inaeleweka. Maabara huzilea seli za uboho kwenye joto la nyuzi 37 kwa siku moja hivi, kisha huzitilia dawa ya kuzisimamisha zikiwa katikati ya kujigawa. Huongezwa maji yenye chumvi hafifu ili zivimbe na kromosomu ziachane. Tone hudondoshwa kwenye kioo na kutiwa rangi ya Giemsa, ileile ambayo mtaalamu wa maabara wa zahanati yoyote ya Tanga au Kigoma anaitumia kutafutia vijidudu vya malaria. Kisha msomaji huketi kwenye hadubini na kuchambua seli 20 hivi, moja baada ya nyingine.

Kwa rangi hiyohiyo, mwaka 1960 mjini Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu moja ndogo isivyo kawaida kwa wagonjwa wa leukemia sugu ya aina ya mieloidi. Ikaitwa kwa jina la mji huo. Walidhani kipande kimepotea.

Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chuo Kikuu cha Chicago alionyesha kilikokwenda. Alikuwa akikata picha za kromosomu kwa mkasi na kuzipanga kwenye meza ya chakula nyumbani kwake, watoto wake wakimtania kwamba anachezea wanasesere wa karatasi. Kipande cha kromosomu ya 22 kilikuwa kimehamia kwenye ya 9, na cha 9 kimehamia kwenye ya 22.

Chukua kanga mbili, zikate katikati ya jina, kisha fundi ashone nusu ya hii na nusu ya ile. Litasomeka jina jipya ambalo hakuna aliyelitunga. Ndivyo jeni ya BCR inavyounganika na jeni ya ABL1, na jeni hiyo ya kuungwa hutoa protini inayoiamrisha seli ijigawe bila kukoma. Kosa hilohilo baadaye lilikutwa kwa baadhi ya wagonjwa wa ALL.

Mwaka 1978 Lorna Secker-Walker na wenzake wa London walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, kwamba kromosomu za mtoto mwenye ALL siku anapogunduliwa zinahusiana na muda atakaokaa bila ugonjwa kurudi. Tangu hapo kromosomu zikaingia kwenye faili la mgonjwa.

Zikizidi ni heri, zikipungua ni hatari

Takriban robo ya watoto wenye ALL ya seli B, aina iliyo ya kawaida zaidi, wana seli za leukemia zenye kromosomu 51 hadi 67. Mtu angetarajia kwamba seli iliyovurugika kiasi hicho ndiyo itakayoua upesi. Ni kinyume chake. Watoto hao wako miongoni mwa wanaopona vizuri kabisa.

Sababu mojawapo inajulikana. Seli hizo huwa na nakala za ziada za kromosomu ya 21, yenye jeni ya protini inayoingiza dawa ya methotrexate ndani ya seli. Dawa hujaa humo kuliko kawaida na kuiua seli.

Robo nyingine hivi wana muungano wa vipande vya kromosomu ya 12 na ya 21, unaozaa jeni ya ETV6-RUNX1. Nao, katika nchi zenye matibabu kamili, hupona zaidi ya 9 kati ya 10. Tatizo ni kwamba vipande vilivyobadilishana vinafanana mno na pale vilipohamia, na hadubini ya kawaida haioni kitu. Inahitajika FISH, kipimo kinachotumia vipande vya vinasaba vilivyotiwa rangi ya kung'aa ili vijishikize kwenye jeni inayotafutwa. FISH ina sifa nyingine yenye thamani kubwa kwenye nchi ya joto na umbali kama yetu: haihitaji seli inayojigawa.

Upande wa pili wako watoto ambao seli zao zina kromosomu chini ya 44. Hawa ni wachache, asilimia 1 au 2 tu, na matibabu ya kawaida huwaponya kwa shida.

Na hapa pana mtego unaopaswa kumtisha kila anayesoma slaidi kwa haraka. Seli yenye kromosomu 28 inaweza kujirudufu ikawa na 56. Ukihesabu tu, 56 inaangukia kwenye kundi la wanaopona vizuri. Mtoto mwenye leukemia ngumu kuliko zote anaandikiwa dawa nyepesi kuliko zote. Msomaji mzoefu hutambua tofauti kwa kuangalia kromosomu zipi zimeongezeka na ni mara ngapi, jambo ambalo hufundishwa kwa miaka na haliji na ununuzi wa mashine.

Watoto chini ya mwaka mmoja wana kisa chao. Karibu robo tatu ya wanaougua ALL katika umri huo wana kuvunjika kwa jeni ya KMT2A kwenye kromosomu ya 11, na ugonjwa wao hurudi upesi. Ile kromosomu ya Philadelphia hupatikana kwa asilimia 3 hadi 5 tu ya watoto wenye ALL, lakini kwa watu wazima hufika karibu robo. Ni sababu mojawapo inayowafanya watu wazima wapone kwa uchache kuliko watoto kwa ugonjwa wenye jina lilelile.

Kromosomu hazisemi peke yazo. Umri kati ya mwaka 1 na 10 ni heri. Chembe nyeupe chini ya 50,000 kwa kila maikrolita siku ya kwanza ni heri. Na kinachotabiri kwa nguvu kuliko vyote ni namna seli zinavyoitikia dawa: baada ya wiki nne hivi za vincristine, asparaginase na prednisolone au deksamethasone, je, bado zipo seli za leukemia ambazo hadubini haizioni lakini mashine ya kuhesabu seli, flow saitometa, inazikamata?

Kosa lilelile, matokeo mengine

Kuna wazazi wanaokabidhiwa karatasi ya kromosomu wakaiona kama cheti cha kifo. Historia ya ugonjwa huu inakataa jambo hilo, na ningependa kila daktari anayetoa majibu aieleze kwa lugha ya mzazi.

Miaka ya 1990, mtoto mwenye ALL na kromosomu ya Philadelphia alikuwa na matumaini madogo. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha imatinib, kidonge kinachoizuia protini ile ya BCR-ABL1, kwa ajili ya leukemia sugu. Watafiti wa saratani za watoto wakakiongeza juu ya dawa za kawaida za ALL. Matokeo waliyochapisha mwaka 2009 yalikuwa haya: baada ya miaka mitatu, asilimia 80 ya watoto waliopewa imatinib mfululizo walikuwa hai bila ugonjwa kurudi. Kwa watoto wa kabla yake, waliotibiwa bila kidonge hicho, ilikuwa asilimia 35.

Uingereza ina mfano mwingine ninaouona kuwa na nguvu zaidi, kwa sababu haukuhitaji dawa mpya. Kuna kundi dogo la watoto, kama asilimia 2, ambao sehemu ya kromosomu ya 21 imejirudia mara nyingi ndani ya kromosomu moja. Katika utafiti wa zamani walitibiwa kwa kipimo cha kawaida, na ugonjwa ukawarudia asilimia 70 ndani ya miaka mitano. Katika utafiti uliofuata walipewa dawa zilezile kwa nguvu zaidi, kwa sababu sasa walikuwa wanatambuliwa. Waliorudiwa wakashuka hadi asilimia 16.

> Dawa hazikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba madaktari sasa walijua ni nani wa kumzidishia.

Hata kwa wachanga wenye KMT2A, ambao kwa miongo kadhaa walikuwa wakiwavunja moyo madaktari, utafiti wa mwaka 2023 wa watoto 30 waliopewa dawa ya blinatumomab pamoja na dawa za kawaida ulionyesha kwamba baada ya miaka miwili asilimia 81.6 walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa, dhidi ya 49.4 ya waliotangulia. Blinatumomab ni ghali mno kwa hospitali zetu leo. Imatinib, ambayo sasa inatengenezwa na kampuni nyingi, si ya kuwekwa kwenye kapu hilohilo.

Kuna jingine linalotuhusu kama Waafrika. Muungano wa kromosomu ya 1 na ya 19, ambao zamani ulihesabiwa kuwa wa hatari, hupatikana zaidi kwa watoto weusi wa Marekani kuliko kwa weupe. Ilikuwa rahisi kusema watoto weusi wanakufa zaidi kwa sababu ya damu yao. Mwaka 2003 hospitali ya St. Jude ya Memphis, ambayo humtibu mtoto bila kumdai mzazi, ilichapisha matokeo yake katika JAMA: watoto weusi na weupe waliopata matibabu sawa walipona sawa. Na muungano huo wa 1 na 19, kwa dawa za leo, haumo tena kwenye orodha ya hatari.

Wanaosema "bado"

Ukizungumzia vipimo hivi mbele ya wanaofanya kazi kwenye wodi za saratani za watoto za Afrika Mashariki, utapata upinzani, na ni upinzani wa watu wanaojua wanachokisema.

Hoja yao ni kwamba watoto wengi wa ALL katika nchi maskini hawafi kwa sababu ya kromosomu. Wanakufa kwa maambukizi katika wiki za kwanza za matibabu, chembe nyeupe zikiwa zimeshuka na antibiotiki sahihi haipo. Wanakufa kwa kutoka damu usiku ambao chembe sahani zimekosekana benki ya damu. Wanakufa kwa sababu matibabu huchukua miaka miwili hadi mitatu, na mwezi wa nne mtoto anaonekana mzima, nauli ya kutoka Sumbawanga imekwisha, na nyumbani kuna wadogo zake. Wanakatisha. Ugonjwa unarudi.

Ushahidi wao bora unatoka Recife, kaskazini mashariki mwa Brazil. Miaka ya 1980, ni asilimia 32 tu ya watoto wenye ALL waliokuwa wanafika miaka mitano bila ugonjwa kurudi, na asilimia 16 walikuwa wanaacha matibabu. Hospitali ikaanzisha kitengo maalumu cha saratani za watoto, ikafundisha wauguzi, ikafuata mwongozo mmoja wa dawa, ikazipa familia malazi, nauli na chakula. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000, waliofika miaka mitano walikuwa asilimia 63, na walioacha matibabu walikuwa nusu ya asilimia moja.

Hapa Tanzania njia hiyo imeshaanza kufuatwa. Shirika la Tumaini la Maisha, linalofanya kazi pamoja na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, huzipa familia mahali pa kukaa na husaidia upatikanaji wa dawa, na huduma za saratani za watoto zipo pia Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi. Mwenye fedha kidogo, wanasema watetezi wa hoja hii, aziweke kwenye godoro la mama na kwenye antibiotiki. Kwa kuwapanga watoto, umri na hesabu ya chembe nyeupe vinatosha kwa sasa.

Wanaosema "sasa"

Wa upande wa pili hawabishi kuhusu godoro wala antibiotiki. Wanachosema ni kwamba umri na chembe nyeupe vinakosea kwa watoto wengi mno, na kwamba kosa hilo ni ghali zaidi kwa maskini.

Fikiria wodi ambamo maambukizi ndiyo yanayoua. Kila kipimo cha dawa kinachozidi mahitaji ya mtoto ni hatari ya bure. Sasa, karibu nusu ya watoto wenye ALL ya seli B katika tafiti za Ulaya na Marekani wana kromosomu za heri, ama nyingi ama za muungano wa 12 na 21. Wengi wao wangepona kwa dawa nyepesi. Hospitali isiyojua ni akina nani inalazimika kuchagua: iwape wote dawa nzito na kuwapoteza baadhi kwa sumu ya dawa, au iwape wote nyepesi na kuwapoteza waliohitaji zaidi.

Kwa hiyo kipimo cha kromosomu, ambacho hutazamwa kama anasa ya wenye hospitali kubwa, kwetu kinaweza kuwa njia ya kupunguza vifo vya dawa. Hoja hii ndiyo iliyonigeuza.

Pia takwimu hiyo ya karibu nusu ni ya watoto wa Ulaya na Marekani. Mgawanyo wa aina hizi hutofautiana kati ya watu na watu. Tusipopima wa kwetu, tutaendelea kupanga matibabu ya mtoto wa Mtwara kwa hesabu ya mtoto wa London.

Pa kuanzia

Kinachonishawishi ni kwamba hatuhitaji kuanza na chupa ya kijani. Karyotaipu kamili, yaani kuhesabu na kupanga kromosomu zote za seli hai, inadai usafiri wa haraka, maabara ya kulea seli na wasomaji waliofunzwa kwa miaka. Ije, lakini isisubiriwe.

Kwanza ni BCR-ABL1, kwa sababu jibu lake lina kidonge. Nchi zetu zina mashine za GeneXpert zilizosambazwa kwa ajili ya kifua kikuu, na mashine hiyohiyo ina katriji ya BCR-ABL inayotumika kwa leukemia sugu. Hapa pana onyo ambalo halisemwi vya kutosha. Katriji hiyo hutafuta muungano mrefu wa jeni, ulio wa kawaida katika leukemia sugu. Watoto wengi wenye ALL na kromosomu ya Philadelphia wana muungano mfupi, unaohitaji katriji nyingine. Daktari akitumia ile ya kwanza akapata jibu la "hakuna", bado hajajua. Anayenunua vifaa Bohari ya Dawa, MSD, na hospitalini alijue hili kabla ya kuagiza.

Kisha FISH kwa jeni chache zinazobadilisha uamuzi: KMT2A, ETV6-RUNX1. Idadi ya kromosomu inaweza kukadiriwa kwa kupima wingi wa vinasaba ndani ya seli kwa flow saitometa, na mashine hiyohiyo hufuatilia mabaki ya ugonjwa baada ya wiki za kwanza za dawa. Recife yenyewe ilipata sifa pia kwa kutumia kipimo rahisi cha flow kuwatambua watoto wanaoweza kutibiwa kwa dawa nyepesi, kwa hiyo mfano wao unaunga mkono pande zote mbili.

Wala si lazima kila mkoa uwe na maabara yake. ALL si ugonjwa wa maelfu kwa mwaka katika mkoa mmoja. Maabara moja ya taifa inayofanya kazi hii kila siku, yenye wasomaji wanaokagua kazi ya wenzao, inashinda tano zinazoifanya mara moja kwa mwezi.

Mama hakukosea

Tukiongea habari za kromosomu, mtu husikia "ugonjwa wa ukoo". Wodini kuna mama ambao wakwe wameshawaambia kwamba damu mbaya imetoka kwao. Wengine wameambiwa ni mkono wa mtu.

Mabadiliko haya, kwa watoto walio wengi mno, hayarithiwi. Hayamo kwenye yai la mama wala mbegu ya baba. Hutokea ndani ya seli moja ya damu ya mtoto mwenyewe, mara nyingi angali tumboni. Mel Greaves na wenzake wa London walilithibitisha kwa kuchukua kadi zilizohifadhi matone ya damu ya watoto siku chache baada ya kuzaliwa, kadi za watoto ambao miaka kadhaa baadaye waliugua ALL. Alama ya leukemia yao ilikuwa tayari kwenye tone hilo. Walipopima damu ya vitovu vya watoto wazima, waliikuta ETV6-RUNX1 kwa takriban mtoto mmoja kati ya 100, na karibu wote hao hawaugui maishani. Linahitajika kosa la pili, baadaye, ili leukemia ianze.

Yapo mambo mawili ya kutenga. Watoto wenye dalili za Down, waliozaliwa na kromosomu ya 21 ya ziada katika mwili mzima, wana hatari ya leukemia kubwa mara nyingi kuliko wenzao, na hustahili kuangaliwa mapema. Na katika watoto wenye kromosomu 32 hadi 39 kwenye seli za leukemia, takriban asilimia 40 wana hitilafu ya jeni ya TP53 katika seli zote za mwili, ambayo inaweza kuwa imerithiwa. Hao familia yao inapaswa kupewa ushauri na kupimwa, bila kumlaumu mtu.

Kwa wizara na kwa mzazi

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imefungua mjadala wa nini kiwe ndani ya kitita. Wizara ya Afya inapoamua, naiomba iviweke vipimo hivi vichache vya ALL, pamoja na imatinib ya watoto, kwenye fungu moja na dawa, damu na nauli ya familia. Kipimo bila dawa inayofuata ni kumpa mzazi habari mbaya bure. Dawa ya kukisia nayo imeshatugharimu watoto.

Nawe mzazi, au bibi, au mwalimu wa chekechea: mtoto mwenye homa inayorudi, aliyepauka, anayetoka michubuko bila kuanguka au anayelalamika mifupa, akishatibiwa malaria mara mbili asipone, asitibiwe malaria mara ya tatu. Omba apimwe picha kamili ya damu, FBP kama inavyoitwa hospitalini. Akipelekwa rufaa na uboho wake ukapimwa, uliza majibu ya kromosomu yakoje na yatabadilisha nini kwenye dawa, kisha omba nakala uitunze pamoja na kadi yake ya kliniki. Na akianza kuonekana mzima mwezi wa nne, msiache dawa. Mrudisheni kliniki mpaka daktari aseme imetosha.